Nyumba ya pamoja kijijini Rungwe kwa tunaofanya kazi mtandaoni: tuongee yote, mpaka ya msiba

#1 KandoYaKiwira

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye makundi ya vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta kuna mazungumzo yamepamba moto: kuhama Dar, kwenda kukaa kijijini watu watano au sita nyumba moja, kila mtu na chumba chake, jiko na sebule ni vya wote, intaneti mnachangia. Watafsiri, waandika programu, wahariri wa video, wahasibu wa kampuni za nje, wale wanaojibu wateja wa Ulaya kwa simu. Bosi anachotaka ni kazi iingie kwa wakati, hajali kama uko Mbagala au Mufindi.

Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, mkoani Mbeya, natafsiri, na ninaishi hivyo hivyo na wenzangu kwenye kijiji kimoja kati ya Kiwira na Katumba. Nafungua uzi huu kwa sababu picha zinazosambaa ni za mashamba ya chai na ukungu wa asubuhi tu, na watu wanaacha vyumba vyao kwa kuziamini. Naipenda nchi hii kuliko ninavyoweza kueleza, na ndiyo maana nataka anayekuja aje akijua anachokijia.

Wazo lenyewe limeshika zaidi Ulaya, na huko lina sababu yake. Vijiji vingi vya Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania, vimebaki na wazee. Vijana waliondoka zamani, nyumba za mawe zikafungwa. Mtu anakodi nyumba ya namna hiyo, anavuta intaneti, anawaita watu wa kompyuta waje wakae mwezi au miezi miwili, na kijiji kinafurahi kuona taa zinawaka tena. Kisiwani Madeira, Ureno, mji mdogo wa Ponta do Sol ulianza Februari 2021 kwa kuungwa mkono na serikali ya kisiwa: ukumbi wa kufanyia kazi bure na intaneti bure. Watu wakamiminika. Baadaye wenyeji wa kisiwa wakaanza kulalamika kwamba kodi za nyumba zinapanda.

Rungwe si Galicia. Hakuna kijiji kilichokimbiwa hapa. Ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, ukishaipita Isongole, migomba inaanza na haikatiki. Kahawa iko chini ya migomba, parachichi mpakani, chai inashuka mabondeni. Kila kipande kina mwenyewe, na Jumapili kanisani unakosa pa kukaa. Lakini katikati ya vijiji hivyo vilivyojaa kuna nyumba tupu, tena nzuri: bati la rangi, madirisha ya vioo, vyumba vingi, marumaru sebuleni. Ni za watoto wa kijiji walioko Dar, Mbeya mjini, Tunduma, wengine Afrika Kusini. Walijenga kwa sababu mtu mzima hujenga kwao. Nyumba inafunguliwa Desemba na siku ya msiba, miezi mingine anakaa kijana mmoja wa kufyeka majani na kuwasha taa ya nje.

Hizo ndizo nyumba za kukodi. Usinunue shamba la mtu, ardhi haitoshi hata kwa waliozaliwa hapa.

Msimamo wangu ni huu: jumuiya ambayo watu wanaitafuta ipo tayari kijijini, na haiwezi kutengenezwa na wapangaji watano wenye kompyuta. Nyumba ikiingia ndani ya kijiji itadumu. Ikijizungushia uzio na kujitosheleza, hiyo ni gesti, na gesti Tukuyu zipo nyingi tu.

Karibuni tuongee.

#2 Mgeni_wa_Uyole

Naweka kambi hapa. Mkuu, endelea.

#3 KijanaWaSinza

Mkuu KandoYaKiwira, nimesoma mpaka mwisho na nimevutiwa, ila nina maswali. Naandika programu kwa kampuni ya nje, vikao ni kila siku. Mwenye nyumba akija na familia Desemba, mimi naelekea wapi? Na hiyo ya msiba umeitaja mara moja ukapita. Naomba uifafanue, maana kwa ninavyowafahamu Wanyakyusa, msiba si wa saa mbili.

#4 KandoYaKiwira

Umegusa penyewe, mkuu. Hapo ndipo nyumba nyingi za aina hii zitavunjikia.

Kwetu marehemu anazikwa nyumbani, hatua chache kutoka barazani. Kwa hiyo ukikodi nyumba ya namna hii utakuta makaburi uwanjani, yamesakafiwa vizuri, mengine yamewekwa marumaru. Unaanika nguo karibu nayo, watoto wa jirani wanakaa juu yake wakila mahindi. Kama moyo wako hauwezi, sema mapema. Si aibu.

Kisha msiba ukitokea kwenye ukoo ule, nyumba inarudi kwa wenyewe siku hiyo hiyo. Hakuna notisi ya siku saba. Turubai linafungwa, masufuria makubwa yanaletwa, magari yanaingia kutoka Dar usiku wa manane, watu wanalala sebuleni na barazani. Mkataba wetu umeandika wazi: sebule, jiko la nje, uwanja na vyumba viwili ni vya familia tangu habari inapofika mpaka matanga yanapoanuliwa. Wapangaji wanabaki na vyumba vyao. Kodi ya siku hizo haihesabiwi. Anayehitaji utulivu wa kazi anahamia Tukuyu mjini kwa gharama yake, na kila mmoja wetu ana akiba aliyoitenga kwa ajili hiyo. Desemba ni vivyo hivyo, kuanzia tarehe 20 mpaka baada ya mwaka mpya, na wengi wetu siku hizo tunakwenda makwetu.

Mwaka jana alifariki mama mkubwa wa mwenye nyumba. Mwenzetu mmoja kutoka Arusha, mhariri wa video, alikuwa na kazi ya kukabidhi siku inayofuata. Alifunga kompyuta, akaenda kwa vijana waliokuwa wanapasua kuni nyuma ya jiko, akaomba shoka. Hawakumpa. Walimpa ndoo. Akachota maji na kina dada mpaka jioni, kisha ndipo kijana mmoja akamwita akamwonyesha namna ya kulisimamisha gogo la mti wa parachichi, ambalo nyuzi zake zimejisokota na halipasuki ovyo. Kazi yake aliimaliza usiku chumba cha nyuma, nje wanawake wanaimba. Mchango wa kutengeneza barabara ulipopitishwa, mwenyekiti wa kitongoji alimpelekea ujumbe kama mkazi mwingine yeyote, kiasi kile kile cha kila kaya.

Kuhusu intaneti kuna mtu humu anajua kuliko mimi. @FundiSola_Uyole, karibu.

#5 FundiSola_Uyole

Nimeitwa nimeitika.

Intaneti kwanza. Swali la "je, kuna 4G?" halina maana Rungwe, maana nchi ni ya mabonde na migongo. Nyumba iliyo juu ya mgongo inapata mtandao umejaa, ukishuka bondeni mwendo wa dakika tano unabaki na mstari mmoja. Nenda na laini za mitandao miwili tofauti. Kaa ndani ya chumba kile kile utakachofanyia kazi, dirisha umefunga. Pima saa nne asubuhi, kisha saa mbili usiku watu wote wakiwa wamerudi nyumbani na simu mkononi. Angalia kasi ya kupandisha, ya kushusha mara nyingi itakuridhisha tu. Kikao cha video kikipata Mbps 3 za kupandisha, huna shida. Kikiwa chini ya 1, utakuwa unaonekana umeganda. Ikiwa ndani ni dhaifu na nje ni nzuri, weka antena nje kwenye mlingoti, itazame mnara, waya uingie kwenye raota. Mara nyingi hilo peke yake linaponya nyumba.

Umeme. TANESCO wapo, na kwa REA, wakala wa umeme vijijini, nguzo zimefika vijiji vingi. Sola ni ya kukushika umeme ukikatika, na hesabu yake si ngumu. Kompyuta moja kazini inakula wati 50 hivi. Watu watano kwa saa 8 ni uniti 2. Raota ya wati 10 usiku na mchana ni kama robo uniti. Taa nane za wati 7 kwa saa 5 jioni ni robo nyingine na ushee. Jumla uniti mbili na nusu kwa siku. Betri ya lithiamu ya uniti 5 inawavusha siku moja na nusu bila wasiwasi. Birika la umeme, pasi na jiko la umeme visiguse mfumo huo hata kidogo. Mhariri wa video ahesabiwe kama watu wawili, mashine zao zinakula sana.

Paneli pigeni mara mbili ya hesabu ya kiangazi. Mawingu ya Machi na Aprili huku si ya mchezo, mnaweza kupita siku tatu jua hamlioni sawasawa.

Na radi. Fundi achimbie ethi ya shaba vizuri, halafu nyie wenyewe mjifunze: ikianza kunguruma, chomoeni waya wa antena na chaja ukutani. Nimeletewa raota nyingi zilizoungua, na karibu zote ziliachwa zimechomekwa wakati wa radi.

#6 KandoYaKiwira

Ahsante sana fundi, ndaga fijo.

Niongeze la mvua, maana anayetoka Pwani hajui ninachosema. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ni kati ya maeneo yenye mvua nyingi kabisa nchini. Inaanza Novemba, na Aprili ndiyo kilele. Mvua hiyo ikishuka juu ya bati lisilo na dari, humsikii aliyekaa mkabala nawe mezani, sembuse mteja aliyeko London. Nyumba inaweza kuwa na intaneti safi na umeme wa uhakika, na bado usifanye kikao.

Sisi tulichagua chumba kimoja cha ndani, kisicho na dirisha la upepo wa mvua, tukafunga dari ya mbao, tukatandaza blanketi nzito juu ya dari na kutundika nyingine ukutani. Ndicho chumba cha vikao. Kuna daftari mlangoni, unaandika jina na saa. Wanaofanya kazi na Marekani wana nafasi yao ya jioni, kwa sababu saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi yao. Wa Ulaya wanamaliza mapema. Kwa hiyo chumba kimoja kinatosha watu watano, mradi daftari liheshimiwe.

Unyevu nao. Viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini, vitabu vinavimba. Kompyuta isilale sakafuni. Wenzangu wanaweka zao usiku kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ndani wametia vile vifuko vya kufyonza maji vinavyokuja na viatu vipya. Tukikosa, tunatia mchele mkavu kwenye soksi.

#7 mama_wa_Ipogolo

Kamwene wanangu. Mimi niko Iringa, nimewasoma kwa furaha sana, ila msiwafanye watu waone Rungwe peke yake.

Anayetaka ukimya wa kweli aende Mufindi. Chai imetandikwa vilima kwa vilima, na upande wa pili msitu wa Sao Hill, ambao ndio shamba kubwa la miti la serikali kuliko yote nchini. Mafinga iko kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Zambia, benki zipo, soko lipo. Lakini ukiacha lami ukaingia ndani, barabara ya udongo mwekundu wakati wa mvua inateleza kama sabuni, na malori ya magogo yameichimba. Mwenye kazi ya kusafiri kila wiki asikae ndani huko.

Na mwenye watoto wa shule ningemshauri akae pembezoni mwa Iringa mjini, upande wa Kalenga au njia ya Isimila. Unaamka unasikia ndege na ng'ombe, na hospitali ya mkoa si mbali. Huku nyumba kubwa za kukodi zipo, ila wanafunzi wa vyuo wamejaa, kwa hiyo vyumba vya bei nafuu vinagombaniwa.

Nina neno moja kama mzazi. Msimu wa mvua ni msimu wa ulanzi. Vijana wageni wanaona ni kinywaji cha bure cha mianzi, wanakunywa kama maji, wanaanza kusema maneno kilabuni. Kijijini neno la jioni linafika kila nyumba asubuhi. Mwenye kunywa anywe kwa adabu, na asiyezoea aache.

#8 MtotoWaMakete

Shikamoo mama. Wakuu, na mimi naleta la kwetu, na hili naomba mlisome polepole.

Makete na Njombe ni kuzuri. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua yake kati ya Desemba na Aprili hayana mfano. Watu wanapaita Bustani ya Mungu na hawakosei. Lakini Juni na Julai ni baridi ya barafu: asubuhi majani meupe, maji kwenye ndoo yana ngozi juu.

Mgeni akipata baridi hiyo anafanya nini? Anachukua jiko la mkaa, analiingiza chumbani, anafunga mlango na dirisha, analala. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Mtu anasinzia, haamki. Familia nzima zimekufa hivyo katika mikoa yetu ya baridi, na kila mwaka tunasikia tena. Nyumba yoyote ya pamoja huku iandike sheria hiyo ukutani kwa herufi kubwa: jiko la mkaa halilali ndani. Blanketi mbili, soksi za sufu, chupa ya maji ya moto miguuni. Mwenye uwezo ajenge mahali pa moto penye bomba la kutolea moshi nje.

Nimemaliza.

#9 VEO_mstaafu

Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi. Mambo ya utaratibu yanapuuzwa na vijana, niyaweke mezani.

Ukifika, siku ya kwanza kabla hujafungua mizigo, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akupeleke ofisi ya kijiji uandikwe kwenye daftari la wakazi. Njoo na kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa unakotoka. Hii siyo kubembelezana. Ikitokea wizi usiku, mtu wa kwanza kutiliwa shaka ni yule ambaye hakuna anayejua amefuata nini.

Kama mnakodi nyumba nzima halafu mnapangisha vyumba kwa wageni wa muda mfupi, hiyo ni biashara. Inataka namba ya mlipakodi na leseni ya halmashauri. Msiseme "sisi ni marafiki tu" huku mmeweka tangazo mtandaoni.

Raia wa nje akija, visa ya matembezi haimruhusu kufanya kazi. Mpelekeni ofisi ya Uhamiaji Mbeya aeleze shughuli yake kabla ya kuhamia, wamwambie kibali gani kinamhusu. Vilevile mgeni haruhusiwi kununua ardhi ya kijiji, na mwanakijiji akimuuzia kwa jina la rafiki Mtanzania wote wawili wanajitafutia kesi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iko wazi.

Maji nayo. Vijiji vingi vya Rungwe vinatumia maji ya mserereko kutoka mlimani, yanasimamiwa na jumuiya ya watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Lipeni kama wanakijiji, na siku ya kusafisha chanzo mwende. Watu watano wanaooga kila asubuhi kwa maji ya moto wanatumia maji kuliko kaya ya jirani, na jirani anaona.

#10 Mgeni_wa_Uyole

Mzee wetu, ahsante. Hili la maji sikuwahi kuliwaza.

#11 DadaWaKibamba

Habari zenu. Mimi ni mwanamke, nina mtoto wa miaka minne, kazi yangu ni kunukuu sauti na kuandika ripoti. Swali langu ni la jikoni. Nimewahi kukaa nyumba ya kuchangia Dar, na kilichonitoa ni vyombo. Wanaume watatu walikuwa wanakula na kuondoka, na bila mtu kusema lolote mimi ndiye nikawa mpishi na muosha masufuria, na kazi yangu nafanya usiku. Kwenye hizi nyumba zenu za kijijini mnafanyaje? Na usalama je?

#12 KandoYaKiwira

Dada yangu, pole kwa hayo, na swali lako ni zito kuliko la intaneti.

Chakula cha mchana anapika mama mmoja wa jirani. Ana mkataba, ana mshahara wa mwezi, Jumapili na siku za msiba hafanyi kazi na halipunguzwi lolote. Yeye ndiye anayeamua kinachopikwa kulingana na kilichopo sokoni Kiwira: ndizi na maharage, wali wa Kyela, viazi, mboga za majani, parachichi karibu kila siku. Jioni ni zamu yetu, na zamu inamhusu kila mtu, mwanamume kwa mwanamke. Asiyejua kupika anajifunza kwa mama mchana ule wa zamu yake. Aliyepika haoshi. Aliyeshindwa zamu mara mbili bila sababu anakalishwa kikao, na mmoja tulimwambia atafute pengine, akaondoka. Iliuma, lakini ingeuma zaidi kama mmoja wetu angegeuzwa mtumishi wa wengine.

Na hili la kula pamoja si geni katika ardhi hii. Zamani wavulana wa Kinyakyusa wakifikisha miaka kumi hivi walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, rika moja mahali pamoja. Mchana wanachunga, jioni wanakwenda kundi zima kula kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule. Wakikua wanaoa na kuleta wake pale pale, kile kibanda kinakuwa kijiji. Wataalamu wa mila Godfrey na Monica Wilson waliishi Rungwe miaka ya 1930 wakayaandika yote hayo. Ardhi ilipobana na vijana wakaanza kwenda migodini, utaratibu ulififia, ila wazee wanaukumbuka. Mzee mmoja jirani yetu alipoona tunakula sahani moja barazani alikaa, akala, akatueleza jinsi baba yake alivyoishi na wenzake. Tuliogopa kijiji kingetuona watu wa ajabu, kumbe kwake tulikuwa kitu anachokijua.

Ila wale walikuwa wana wa pale. Sisi wengine ni wapangaji, na hilo linatutaka tuwe wanyenyekevu zaidi.

Usalama: milango ya vyumba ina kufuli zake, chumba cha mwanamke mwenye mtoto tunakiweka upande wa barabara ambako nyumba ya jirani iko karibu, na mgeni wa kulala anatajwa kwa wote kabla hajafika. Mtoto atapata wenzake wa kucheza kabla hujapanga nguo. Chandarua mje nacho, malaria huku ni kidogo kuliko Kyela lakini ipo. Hospitali ni Igogwe au Makandana pale Tukuyu.

#13 KijanaWaSinza

Niseme ukweli wangu, mkuu. Nimeelewa yote lakini kuna kitu kinanikera. Sisi tunalipwa kwa dola, tunakuja kijijini tunalipa kodi ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi. Umesema mwenyewe Madeira kodi zilipanda. Sasa sisi tutakuwa na tofauti gani?

#14 KandoYaKiwira

Nashukuru umeuliza hapa hadharani.

Mwalimu na muuguzi wa zahanati kijijini wanapanga vyumba viwili kwenye nyumba za kawaida karibu na barabara. Vyumba hivyo sisi hatuvigusi, hata kama mwenye navyo anatufuata na kututaka tuongeze dau. Kanuni yetu ni kukodi nyumba ambayo haijawahi kupangishwa, ile ya mtu wa Dar inayokaa bila mtu. Haichukui nafasi ya yeyote, na fedha inayolipwa inakarabati paa ambalo lingeoza. Nyumba kama hizo haziko nyingi kiasi cha kujaza kijiji wageni, na mimi naona ni vizuri zisiwe nyingi. Nyumba moja kwa kijiji, watu watano au sita. Siku nikiona tatu zimejipanga barabara moja nitakuwa wa kwanza kupinga.

La pili, tunanunua pale pale. Maziwa, mayai, ndizi, kuni kwa mwenye kibali cha miti yake. Bei ni ya kijiji. Mtu akizidisha bei kwa mgeni, mama yetu wa jikoni anamsema mwenyewe sokoni, na analimaliza.

Na mlima. Wengine wanakuja kwa ajili ya mazingira, basi wajue mazingira hayo yana wenyewe pia. Msitu wa Mlima Rungwe ndiko wanasayansi walikomkuta kipunji mwaka 2003, aina ya kima ambaye dunia haikumjua, ingawa wawindaji wa hapa walikuwa wakimjua na kumtaja kwa jina. Wamebaki wachache, na msitu wenyewe ndio unaotupa maji niliyoambiwa na mzee VEO tulipie. Tukipanda kwenda Ziwa Ngozi, lile la volkeno, tunachukua kijana wa kijiji kama kiongozi na kumlipa, maana njia ya mwisho ni mwinuko mkali wa matope na mizizi, na ukingo wa juu una poromoko upande wa ziwa. Mtu peke yake na simu yake ya kupiga picha ni hatari.

#15 KijanaWaSinza

Nimekuelewa, mkuu. Nataka kuja kuona kabla ya kuamua. Nifike Agosti wakati wa ukame, si ndiyo?

#16 KandoYaKiwira

Hapana, njoo Aprili. Agosti kila nyumba ya Rungwe ni nzuri. Barabara imekauka, mtandao umetulia, anga linaonekana mpaka Ziwa Nyasa kule chini. Ukiipenda nyumba Agosti, hujaijua bado. Njoo mvua ikiwa inapiga bati, umeme ukikatika jioni, matope yakifika kwenye kifundo cha mguu, ufanye vikao vyako kama kawaida kwa wiki nzima. Ukimaliza wiki hiyo ukataka kubaki, tutakaa tuongee mkataba.

Ukitoka Dar usipange kufika kijijini usiku. Lala Mbeya mjini. Asubuhi chukua gari la Tukuyu au Kyela, na hapo Uyole likisimama usishuke kununua vitu, magari hayo hayasubiri. Mwambie kondakta akushushe Kiwira sokoni. Nitakuwa pale na bodaboda mbili, moja yako na moja ya begi, na tutapitia kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza. Njoo na buti za mpira, koti la mvua lenye kofia, laini mbili za mitandao tofauti, na barua ya serikali ya mtaa wako wa Sinza.

#17 DadaWaKibamba

Na mimi nihesabiwe Aprili hiyo, mimi na mwanangu.

#18 KandoYaKiwira

Karibu sana dada. Chumba cha upande wa barabara kitakuwa wazi kuanzia tarehe 5. Nitamwambia mama wa jikoni leo jioni, anapenda kujua mapema mtoto anakula nini. Niandikie inboksi kama ana kitu kinachomdhuru.